Kutu Kwenye Figo la Dada

2 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo wewe? Na figo langu nililokupa halijambo? Kidonda changu kimefunga, nimesharudi karakana kupaka mageti rangi. Wateja wananiita Mama Figo Moja, nacheka nao.

Ila maneno ya daktari wako hayanitoki. Eti figo likikaa kwenye barafu bila damu, siku damu ikirudi, oksijeni inaingia kwa pupa na kulichoma kwa ndani, kama chuma kinavyoshika kutu. Mimi kutu naijua. Ukiichekea, inakula geti zima! Nimekutumia kopo la unga wa majani, muuzaji kaapa unaondoa kutu mwilini. Vijiko viwili kila asubuhi, na usibishane na mkubwa wako.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, na huyu mgeni uliyenipa tumboni anachapa kazi, nakojoa kama mtoto mchanga. Unga mchungu kama shubiri lakini nakunywa. Nani akubishie wewe? Leta kopo lingine.

Mdogo wako


9 Juni

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, niko wodini. Miguu ilivimba, mkojo ukakatika. Daktari akaniuliza natumia nini zaidi ya dawa zake, nikamwonyesha kopo. Dada, alikaa chini, akashika kichwa. Kumbe unga ule ulikuwa unazipunguza nguvu dawa zinazouzuia mwili wangu usilikatae figo lako. Ile kutu madaktari walikuwa wanaiangalia wenyewe, ilikuwa inapungua. Ni mwili wangu ndio umelivamia figo. Mpaka sasa siamini, majani tu! Wananisafisha damu kwa mashine, na dawa kali wameanza. Usijilaumu.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Jamani, hata kuuliza naogopa. Barua yako niliisomea karakana, brashi mkononi, rangi ikachuruzika mpaka ndani ya kiatu nisijue. Mimi! Kwa mikono yangu mwenyewe!

Jana nilimfuata daktari aliyenipasua, nikamwambia achukue na hili lililobaki. Akadhani natania, mpaka alipoona nguo za kulazwa mkobani. Kanirudisha nyumbani. Nguo bado zimo mkobani.

Nijibu upesi. Salamu acha, niambie tu kama umekojoa.

Dada yako


18 Juni

Shikamoo dada.

Leo asubuhi, nusu kikombe.

Mdogo wako