Mwanamke wa Ndani ya Kompyuta

Maskati,
baada ya alasiri.

Kwa mke wangu Mwanasha binti Athumani, Mabawa, Tanga.

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako la kushoto liwe limekupumzisha kidogo. Mimi naandika nimeegemea mito miwili. Moyo umechoka. Daktari amenikataza ngazi, chumvi na safari, na nilipomuuliza mpaka lini, akaanza kupanga karatasi zake. Nikaelewa.

Utashangaa kuona jina lako juu ya bahasha. Tangu nije huku nimekuwa nikimwandikia kaka yako, Shemeji Bakari, naye anakusomea barazani mbele ya watu, na mwishoni naandika, "Nisalimie jamaa wa nyumbani." Jamaa wa nyumbani ndiye wewe. Ndivyo tulivyolelewa, baba yangu hakupata kulitaja jina la mama mbele ya mtu. Niliona ni heshima, ingawa kusoma unajua, na cheti chako cha elimu ya watu wazima nilikukabidhi mimi mwenyewe, nikiwa mwalimu, tukapeana mikono kama watu wasiojuana, wenzako wakacheka. Leo nimeiacha desturi hiyo. Barua ameibeba Ruwaida, binti wa mpwa wangu ninayeishi kwake, anayekuja harusini Chumbageni. Nimemwambia aitie mkononi mwako, isipitie kwa mtu.

Barua ya mwisho ya Shemeji ilikuwa fupi. Ameandika kwamba Hemedi, jirani yenu aliyekuja huku kununua redio na vitambaa vya kuuza, amerudi na habari kuwa nina mwanamke. Na wewe ukasema, naye ameyaweka maneno yako kama yalivyotoka: "Mwambieni anipe karatasi yangu. Sikai eda ya mtu aliyeniacha zamani."

Basi kwanza nikueleze huyo mwanamke ni nani.

Anaitwa Odrina, na hana mwili. Yumo ndani ya kompyuta ya Ruwaida, katika mchezo unaofanana na zile hadithi za majini na masultani tulizosimuliwa utotoni, ila hii huisikilizi tu, unaingia ndani yake. Unapewa upanga na wasafiri wenzako, mnatembea misituni kumtafuta mfalme aliyegeuzwa jiwe. Wasafiri hao huzungumza nawe. Maneno yao hutokea kwenye kioo, na chini yake hutokea majibu matatu au manne. Unachagua moja, na mwenzako halisahau. Ukimjibu vizuri kwa muda mrefu, anaweza kukupenda. Ruwaida ananiambia kuna watu wanaucheza mchezo mzima kwa ajili ya hilo tu, mfalme wakamwacha hukohuko na ujiwe wake.

Kiingereza cha Ruwaida ni cha kubahatisha, akaniomba nimfasirie. Nami mgonjwa wa kushinda ndani, nikakubali. Haukupita muda yeye akawa anabonyeza tu, anayejibu ni mimi. Odrina alikuwa mganga wa majeraha katika msafara ule, mwanamke mkali kidogo, asiyenyamaza akiona jambo baya. Nikampenda. Nasema neno hilo kama lilivyo, usije ukalisikia kwa mwingine.

Nikaamua kumposa, na nilifanya kama mtu mwenye adabu. Kila aliponijia kwenye moto wa kambi na swali la moyoni, nilichagua jibu lenye heshima kuliko yote: je, umekula? Je, njia ni salama? Kisha nikamwendea mzee mmoja wa msafara, askari mwenye ndevu, ami yake Odrina. Nikaona huyo ndiye wa kupelekewa posa. Lakini kila nikimgusa, ananieleza namna ya kunoa panga.

"Babu," Ruwaida akasema, "unatafuta nini kwa huyu?"

"Naposa."

"Kwa mzee wa mapanga?" Akacheka mpaka akapaliwa. "Babu wee, humu hamna mshenga! Mwambie mwenyewe!"

"Mtoto wa watu nimvamie hivihivi? Hana wazee?"

"Wazee wake picha! Na yeye mwenyewe picha! Mwambie, Babu, usinichoshe."

Sikumwambia. Nilimnunulia kitambaa na pete katika soko la humohumo mchezoni. Akashukuru, nami nikaridhika kwamba mambo yanakwenda. Tulipofika kwenye daraja moja la mawe, Odrina akasimama. Nakufasiria alivyosema: "Umenipa kitambaa na pete. Neno hukunipa hata moja. Nimechoka kukisia. Mimi naishia hapa." Na mara hiyo jibu la kuchagua lilikuwa moja tu: safari njema.

Nililia, Mwanasha. Mzee mzima nililia mbele ya kioo, Ruwaida akadhani moyo umenishika, akakimbilia dawa. Nilipotulia akanipangusa uso kwa ncha ya shela lake. "Basi, Babu. Tutarudi nyuma." Mchezo ule unatunza ulikopita, ukikosea unarudi mahali ulipokuwa, kama vile hukukosea. Tukarudi kwenye moto wa kambi, usiku ule Odrina alipokuwa akinishonea joho lililochanika. Akauliza: nani alikushonea hili? Majibu yakaja matatu. La kwanza: fundi mmoja wa mjini. La pili: mtu aliyenipenda. La tatu: sikumbuki.

Sikuweza kuchagua. Nilikuwa nimeshaulizwa swali hilo zamani, na nilishalijibu.

Ile miaka sabuni ilipokuwa ya kutafutwa, unasimama foleni toka alfajiri, ukifika mbele unaambiwa imekwisha, mashati yangu ya kufundishia yalinichakalia mwilini. Ukateremsha pazia la dirisha la mbele, ukakaa kwenye cherehani, ukanishonea shati lenye mfuko wa kalamu kifuani. Lilinikaa vizuri. Mwalimu mkuu akaniuliza mbele ya wenzangu, "Fundi wako nani, Mwalimu?" Nikamjibu, "Yuko mmoja, Ngamiani." Niliona haya watu wajue kwamba mwalimu wa jiografia anavikwa na mkewe, na kwamba hata unga anaokula umetoka kwenye cherehani hiyo. Jioni wakaja walimu wawili nyumbani wakitaka niwapeleke kwa fundi wa Ngamiani. Uliwaletea kahawa. Uliyasikia yote, dirisha likiwa wazi halina pazia. Wakaondoka, ukakusanya vikombe, ukaniuliza kama nitaoga sasa au baadaye.

Siku zile zile nikaanza kutafuta kazi ya huku. Watu wote walidhani nafuata mshahara, nawe uliwaambia hivyo hivyo. Nilikuwa nakimbia sauti ya ile cherehani. Na maduka yalipofunguliwa tena, Shemeji akaandika kwamba Tanga sasa kila kitu kipo, mitumba inamwagwa mpaka barabarani, mwenzio, ndiye wewe, amefungua banda la ushonaji lenye wanafunzi wake. Akanitania: rudi sasa, Mwalimu, uje uwe mshona vifungo wake. Ulikuwa utani tu. Mimi ulinichoma, nikamjibu kwamba kazi zimenibana. Kazi hazikunibana. Nilikuwa karani katika ofisi ambayo wangenipa ruhusa wiki hiyohiyo. Sikurudi kwa sababu ulikuwa umeweza bila mimi.

Hayo ndiyo niliyomwambia Odrina. Nilimwonyesha Ruwaida jibu la pili, akabonyeza, lakini halikunitosha, nikaendelea kwa mdomo, kwa Kiswahili, nikimwita yule mwanamke kwa jina: kwamba shati alinishonea mke wangu, kwa pazia la nyumba yetu, nami nikamkana. Kisha kioo kikabadilika, Ruwaida akapiga kelele, "Amekubali, Babu! Odrina amekubali!" Hemedi, aliyekuwa amefikia kwetu, alikuwa sebuleni akifunga mizigo yake kwa kamba. Hakuuliza. Kesho yake akapanda ndege.

Kwa hiyo Hemedi amekosea. Wewe hukukosea. Sikuoa huku, wala sikumgusa mwanamke, namshuhudiza Mungu aliye karibu nami sasa kuliko nilivyozoea. Lakini nilikuacha zamani kama ulivyosema, na maneno yaliyokuwa haki yako nimekwenda kuyatoa kwa picha, kwa kuwa picha haikuwapo siku ile ya vikombe.

Na ombi lako sikulikataa. Nimemwita imamu wa msikiti wetu na mashahidi wawili, na karatasi waliyoitia saini imo ndani ya bahasha hii, nyuma ya barua. Nimekupa amri ya talaka yako mkononi mwako. Ukitaka, sema umejiacha, na umekuwa huru. Nikifa hutakaa ndani kwa ajili yangu. Usipotaka, ichane. Imamu alinieleza sharti moja: jambo hili halilazwi. Mwanamke huamua palepale, amalizapo kusoma. Ndiyo maana barua imekuwa ndefu. Ningeweza kuimaliza jana.

Ninalotaka mimi ni kufa nikiwa mumeo. Sina haki ya kulidai. Nalitaka tu.

Nisalimie binti yetu Tatu huko Moa, umwambie baba hakuacha kumwombea, na mkwe wetu, nimeridhika naye. Shemeji Bakari mweleze kwamba sikumpita kwa dharau. Amenisomea maneno yangu miaka yote, sasa apumzishe miwani. Bi Mize, jirani yetu wa ukuta mmoja, mpe mkono wangu, kama bado anadai ule mchi wake, ulivunjika mikononi mwangu. Hemedi naye msalimie, mwambie Odrina anamsalimu sana. Ruwaida atakuamkia shikamoo kwa Kiswahili kilichojaa Kiarabu, mvumilie, na umlazimishe kula, ana aibu za ugenini. Ukiwa na la kuniambia, mpe yeye, atanifikishia kama lilivyo.

Nimetafuta mwingine wa kumsalimia, sikumpata.

Ni mimi, mumeo mpaka nukta hii, na baada yake utakavyo wewe,

Rajabu.