Jino la Elinipa Lililorushwa Juu ya Bati

Akheri, Meru,
Arusha.
Jumapili, 14 Julai 2024

Mpendwa kaka Gerson,

Shikamoo. Habari za Kigoma, na wifi yangu Nashipae hajambo? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi ya Julai tu ndiyo inatuonea, na kahawa imeanza kuiva. Haya, salamu zimetosha, habari niliyo nayo inaniwasha ulimi!

Jino la mpwa wako limeshika, kaka! Limeshika kabisa! Kwenye simu ulisikia tu kwamba limeng'oka, mtandao ukakata. Keti nikusimulie.

Unajua Elinipa sasa anapiga tarumbeta ya usharika, na wenzake hupiga huku wakitembea. Basi akajifanyia mazoezi peke yake kwenye migomba, macho juu, tope chini. Akateleza, tarumbeta ikamgonga mdomoni, jino la mbele likatoka na mzizi wake. Jino la ukubwani, si la utoto.

Niliporudi kutoka shambani nilikuta Mama ameshamfuta damu, na jino amelirusha juu ya bati kama alivyorusha yetu sote, ili jipya liote! Binti wa miaka kumi na mitatu, jipya litoke wapi?

Nikampigia daktari wa meno wa mjini, dada mmoja anaitwa Shaheen. Akanikatiza: tulitafute sasa hivi, tulishike upande mweupe, mzizi tusiuguse wala kuusugua, tulitie kwenye maziwa, twende mbio. Thomasi, na unavyomjua shemeji yako anavyoogopa ngazi, alipanda kama nyani! Akalikuta kwenye mfereji wa maji ya mvua. Tukapanda pikipiki mshikaki, mimi nimekumbatia kikombe cha maziwa kama cha Meza ya Bwana.

Daktari alilirudisha mahali pake, akalifunga na meno jirani kwa waya mwembamba. Akasema wazi kwamba limekaa nje muda mrefu, huenda likakataa. Mtoto akawa wa uji na supu, anafunika mdomo hata akisali. Baada ya wiki mbili waya ukatolewa, mzizi ukasafishwa, tarumbeta bado marufuku.

Ila Mama ndiye aliyeniumiza. Alikonda. Hakuweza hata kumtazama mjukuu wake, akawa anarudia neno moja: "Nimemharibia mtoto uso."

Ijumaa daktari akalitikisa jino, akacheka, akamruhusu kupuliza taratibu. Na leo kanisani amepuliza! Ibada ilipoisha watu wakamzunguka kumpongeza. Akawapita wote, na mwalimu wake wa tarumbeta pia, akaenda moja kwa moja hadi benchi la nyuma alipojificha Mama, akapanua mdomo.

"Bibi, lipo."

Mama akaligusa kwa kidole, akalia mbele ya usharika mzima, na mimi nikamsindikiza kwa machozi.

Msalimie wifi, na Lesian wangu mwambie shangazi anamkumbuka. Thomasi anawasalimu, bado mgongo unamuuma kwa ile ngazi. Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko. Mama naye anakusalimu, anasema ukija Krismasi, kabla hujaketi, uliguse kwanza.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Eunike