Vidole Vilivyokataa Kuachia Kamba

Bukima

Mjukuu wangu Nyangeta,

Huku wazima. Shangazi yako wa Nyasura kajifungua mtoto mwenye sauti kubwa kama yako.

Kwenye barua yako unasema nyuzi za msuli hazifupiki. Zile nene zina vikono vinavyoshika nyembamba, vinavuta, vinaachia, vinashika mbele zaidi, mpaka zinapishana na msuli unajikunja. Unauliza, kwa nini vikono vihitaji nguvu ya chakula ili viachie, wakati kuachia ni kupumzika?

Tulikuwaga tunavuta kokoro hapa ufukweni, kabla wavu huo haujakatazwa. Kamba haifupiki, mikono ndiyo inahama. Mwaka ule wa njaa na foleni za unga, mengine niyaache, kaka yangu Mafuru alikuwa majini akiongoza wavu. Kamba ikamnasa mguu, nasi tukavuta bila kujua, akazama.

"Achieni kamba," mwenye wavu akapaza sauti. Wenzangu wakaachia. Mimi niliyekuwa mbele kabisa, vidole vilikataa. Maji pale alipozama yakatulia, na mikono yangu mwenyewe hainisikii.

Mama, aliyekuja kusubiri furu, visamaki vya mboga, akaingia majini na khanga yake mpaka nilipo.

"Achia, mwanangu."

"Siwezi, mama."

Akavikunjua vidole vyangu kimoja kimoja, kamba ikalegea. Mafuru akaibuka, anakohoa.

Jioni mama akampa Mafuru uji kidogo, bakuli langu akalijaza. Nikaona haya, nikamwambia aliyezama ni Mafuru.

"Najua," akasema. "Lakini aliyeishiwa nguvu za kuachia ni wewe. Kunywa."

Babu yako