Mashua Yangu na Maji ya Kufulia

Jumamosi, Lodwar

Kosa ni langu, nilimwamini Mzee Ekai, mvuvi wa Todonyang aliyeniuzia mashua. Aliniambia kwa simu, "Mwalimu, mbao zimekauka. Ijaze maji, zitavimba, nyufa zitajifunga."

Nikamwaga mitungi sita ndani. Maji yakatoka pande zote, na mbuzi wa jirani wakaja kunywa chini yake.

Mke wangu, Akiru, alitoka na karai la nguo chafu. "Hayo ndiyo maji yangu ya kufulia?"

Nilikubali.

Ninaogopa nimenunua kuni zenye tanga.

Lakini jioni nilipapasa ubao wa chini kabisa, na ufa wake ulikuwa umejifunga. Nikamwita Akiru. Akapapasa, kisha akauliza kesho tutahitaji mitungi mingapi.