Vidonge Vitamu vya Sato

Jumanne, Butimba

Kumbe sukari. Daktari wa mifugo amevilamba palepale vidonge vya homeopathia, ile tiba mbadala, ambavyo mwanangu Neema alimtumia paka wangu, Sato, kutoka Dar.

"Mama," daktari akasema, "kidonda cha mguu kimejaa usaha, paka ana homa. Siku zote tisa za kumpa vidonge hivi ulikuwa unangoja nini?"

Nikasema sikujua. Nimedanganya. Tangu juzi mguu ulikuwa unanuka, na Sato alikuwa hagusi hata dagaa. Lakini kila jioni Neema alikuwa ananipigia kuuliza anaendeleaje, yeye ambaye hunipigia sikukuu tu.

Sato kasafishwa kidonda, kachomwa sindano ya antibiotiki. Jioni hii amekula dagaa wawili.

Simu inaita. Nikimwambia paka anapona, kesho ataniuliza nini?