Neno la Kisamoa la Kumwita Kaka

Jumapili, Rangwe. Mvua imekatika sasa hivi, matope yamefika mlangoni, nami sijui nieleze vipi nilivyo moyoni. Mwalimu wa Kiswahili mzima nimekosa neno.

Kwa wiki tatu nimekuwa nikijifunza Kisamoa. Mwanafunzi wa miaka arobaini na sita, ninanong'ona huku nikikata sukuma wiki. Anayenifundisha ni Malia, Msamoa, mchumba wa mdogo wangu Ouma. Wako Nyuzilandi, na leo familia zetu mbili zilikuwa zionane kwenye simu kwa mara ya kwanza. Nilitaka kumsalimu mama yake kwa lugha yake.

Kwa Kisamoa dada wawili huitana uso, na kaka wawili vilevile. Lakini mwanamke akimtaja kaka yake husema tuagane, na kaka akimtaja dada yake husema tuafafine. Niliduwaa. Kiswahili nacho kina umbu, ndugu wa jinsia nyingine, nami nimelifundisha miaka nenda miaka rudi kama neno la mtihani tu. Malia anasema kwao kati ya hao wawili pana agano, feagaiga. Dada ndiye heshima ya kaka, na kaka humtanguliza.

Nilirudia kusikiliza ujumbe wa sauti wa Malia mara nne.

Niseme ukweli. Niliachika miaka miwili iliyopita nikarudi nyumbani. Kwetu Wajaluo, binti aliyeolewa akarudi hajengi ndani ya boma, hutafutiwa kipande nje ya ua. Baba alishafariki, boma ni la Ouma. Mimi ninalala jikoni kwa mama, na sijawahi kumwomba Ouma mahali pa kujenga. Niliogopa jibu.

Leo wazee wa ukoo walikaa mbele ya simu. Mimi, kama kawaida yangu siku hizi, nikakaa nyuma karibu na mlango. Mama Malia aliwasalimu wote, kisha akauliza dada yuko wapi. Nikasogezwa mbele. Nilisema maneno yangu yote, nikamtaja Ouma, tuagane wangu, na yule mama akafuta machozi kwa kiganja. Sikuamini kwamba mtu wa visiwa nisivyoweza hata kuvionyesha kwenye ramani amenitafuta mimi.

Halafu akauliza jambo lingine. Ouma alichelewa kulitafsiri. Mama Malia alitaka kujua nyumba yangu iko upande gani wa boma, maana akija kututembelea angependa kufikia kwa dada.

Baba mdogo alikohoa, mimi nikatazama miguu yangu.

Ouma akasema kwa Kijaluo, polepole, "Nyumba ya dada yangu itajengwa ndani ya boma, karibu na ya mama. Mwenye neno anipigie mimi."

Baba mdogo amesema wazee watakaa Jumamosi walizungumzie, na nawajua, huenda wakakataa. Hilo tutaliona Jumamosi.

Lakini baada ya simu Ouma alinitumia ujumbe mfupi: "Nyaminwa, dada yetu, nilikuwa nangoja uniambie unataka wapi."

Miaka miwili nimelala jikoni nikiogopa jibu lake. Mbona sikumwuliza?