Namba Mia Moja Haijaitwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada na tafadhali usinicheke, mimi naandika programu za kompyuta katika kliniki ya masikio, na miezi minane iliyopita niligundua kwamba skrini yetu ya foleni ikifika tisini na tisa inarudi sifuri, kwa sababu aliyeiandika zamani kwa lugha ya kompyuta iitwayo C alitenga nafasi ya tarakimu mbili tu, nami nikaona haya kutia kiraka kwenye kitu kikuukuu, nikaamua kukiandika upya kwa mmojawapo wa watoto wa C wasiojulikana sana, basi nikaanza na D, nikaipenda kwa kuwa inajifagilia yenyewe kumbukumbu ya kompyuta isiyotumika tena, ila nikaogopa itafagia nisipotaka, nikahamia Zig, ambayo haifichi kitu na kila kumbukumbu unaiomba mwenyewe, nikachoka kuomba, nikaenda kwa Odin, nadhifu kweli, nikaiacha nilipoiona C3, inayofanana na C kama mtu na mdogo wake, na sasa niko na Hare, ndogo, haina makuu, na moyo umetulia, isipokuwa jana nimeanza kuikumbuka D.

Muda wote huo wanaozidi tisini na tisa wanaitwa kwa sauti na dada wa mapokezi, na mwezi uliopita mama mkwe wangu alipata namba mia moja, akakaa kwenye benchi mpaka mfagizi akamwomba anyanyue miguu, maana hasikii, ndicho kilichomleta. Alipofika nyumbani alisema tu, "Mwanangu, skrini yako haikunitaka." Ijumaa anarudi, na mke wangu kasema mama yake asipoitwa tena wataondoka wote wawili. Mshauri, nichague lugha ipi?

Mimi, Mpenda Lugha Tano

Pole, Mpenda Lugha Tano, ingawa pole kubwa naipeleka benchini. Nimeisoma barua yako nikitafuta mgonjwa, nikamkuta mwishoni kabisa, chini ya lugha tano. Mimi kompyuta najua kuiwasha na kuizima, kwa hiyo nilimsomea fundi wetu wa hapa ofisini. Akauliza, "Kuongeza hiyo tarakimu ya tatu kunachukua muda gani?" Nikamwambia mwandishi hakusema. "Hakusema kwa sababu anajua," akajibu.

Raha ya kuanza kitu kipya naielewa. Nina vitambaa vitatu vya meza nilivyoanza kufuma na hakuna kilichofika ukingoni, lakini vitambaa vyangu havijamshindisha mtu kwenye benchi.

Kesho asubuhi fungua ile ile programu ya C, tanua nafasi, ijaribu mpaka mia mbili, kisha mwonyeshe dada wa mapokezi na umwombe radhi kwa koo lake. Jedwali la kulinganisha lugha lililoko ukutani kwako, na najua lipo, libandue. Ukishamaliza, chagua lugha moja, yoyote, uandike nayo taratibu huku ile kuukuu ikiendelea kuita watu.

Ijumaa mwombe dada amtunzie mama mkwe wako namba mia moja, nawe ukae naye benchi moja. Namba ikitokea usimguse bega wala usimwonyeshe kidole. Mwache aione mwenyewe.